Titi Lenye Homa na Titi Lenye Jipu: Yafaa Mume na Mke Wajue Tofauti

Ndugu msomaji, ikiwa unafuga ng'ombe wa maziwa, bila shaka waujua ugonjwa wa kiwele. Kila asubuhi mfugaji mwangalifu hukamua matone machache ya kwanza katika kikombe cheusi, ayatazame kama yana mabonge au damu. Akigusa kiwele akaona upande mmoja ni mgumu na una moto, hangoji jua lichwe. Humwita daktari wa mifugo, humlipa, na maziwa ya upande ule huyamwaga wala hayapeleki kwenye chama cha ushirika. Hakuna mtu amwambiaye angoje wiki moja aone mambo yatakuwaje.

Leo nataka kuandika juu ya ugonjwa ulio ndugu wa huo, unaowapata mama wanaonyonyesha. Nakiri kwamba niliona haya kidogo kuleta jambo hili mbele ya watu, kwa maana kwetu wanaume hawazungumzi juu ya matiti ya wake zao. Lakini haya hiyo ndiyo iliyotuponza nyumbani kwangu, na kwa hiyo nimeamua kuiweka kando.

YALIYOTUPATA SISI

Mimi ni karani wa serikali, na kwetu ni Nyandarua, nchi ya baridi, viazi na ng'ombe. Mtoto wetu wa pili alikuwa na umri wa wiki tatu tu wakati mke wangu alipoamka usiku mmoja akitetemeka hata kitanda kikatikisika. Mifupa yote ilimwuma. Ulikuwa mwezi wa Julai, nasi tukasema ni baridi ya Julai. Tukampa chai ya moto na vidonge vya maumivu kutoka dukani. Kulipopambazuka akasema titi la kushoto lamwuma. Tulipotazama, tuliona upande wa nje pana wekundu wenye umbo la kipande cha chapati kilichokatwa pembe tatu, ncha yake ikielekea kwenye chuchu. Mahali pale palikuwa pagumu, na pana moto kuliko mwili wote.

Mama yangu mzazi, ambaye amelea watoto saba na ambaye namheshimu sana, alitazama akasema, "Mwanangu, maziwa haya yameharibika. Mtoto asinyonye upande huu, atahara." Jirani mmoja akaja na kitana cha mbao, akalichana titi kwa nguvu ili lile donge livunjike. Mke wangu alilia, nasi tukamwambia avumilie.

Siku ya tatu, ng'ombe wetu mmoja alionekana ana ugonjwa wa kiwele. Nilimpigia simu daktari wa mifugo kabla ya kwenda kazini, naye akafika kabla ya saa sita, akamtibu. Siku ya tano homa ya mke wangu ilishuka, tukafurahi, tukadhani tumeshinda. Lakini donge lilibaki, kubwa kama yai la kuku. Siku ya nane ngozi iliyolifunika iling'aa kama iliyopakwa mafuta, na mke wangu hakuweza kuuinua mkono wake wa kushoto. Ndipo tulipokwenda hospitali.

Nesi aliyetupokea alimwuliza mke wangu, "Mama, ni siku ngapi sasa?" Akajibu kwamba ni nane. Kisha akanigeukia mimi, akasema, "Na wewe, Baba, ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa nyumbani. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nyumbani siku zote nane, na nafasi ya kumwita daktari wa ng'ombe niliipata.

Mke wangu alikuwa na jipu ndani ya titi. Usaha ulitolewa kwa sindano mara mbili, siku mbalimbali, akapewa dawa, akapona. Tangu siku hiyo nimewauliza wauguzi na kusoma niliyoweza kusoma, na haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

JINSI UGONJWA UNAVYOANZA

Ndani ya titi maziwa hutengenezwa katika vifuko vidogo sana, kisha hupita katika vijia vyembamba mpaka kwenye chuchu. Mtoto akinyonya vizuri na mara kwa mara, maziwa hupita bila taabu. Lakini maziwa yakikaa pasipo kutoka, labda kwa sababu mtoto hakushika titi sawasawa, au mama alikosa kumnyonyesha kwa saa nyingi, au nguo ilimbana, mahali pale huvimba. Uvimbe nao huvibana vile vijia, na maziwa huzidi kukaa. Hivyo jambo moja hulikuza lingine.

Mwanzoni huenda pasiwe na vijidudu vyo vyote. Ni uvimbe tu, nao waweza kuleta homa, kutetemeka na maumivu ya mwili mzima. Baadaye vijidudu vyaweza kuingia, hasa chuchu ikiwa ina mipasuko. Vijidudu vinavyoonekana mara nyingi zaidi ni vile viitwavyo Staphylococcus aureus, ambavyo hukaa juu ya ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru, na ambavyo huleta pia ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe. Hali hii ya uvimbe, iwe na vijidudu au isiwe navyo, nitaiita titi lenye homa. Huwapata mama wengi katika wiki 12 za kwanza baada ya kuzaa, na hasa katika wiki ya pili na ya tatu, ingawa yaweza kutokea wakati wo wote mama anaponyonyesha.

Titi lenye homa likikosa kutunzwa, au likitunzwa vibaya, mwili waweza kuvizungushia vijidudu ukuta, na ndani ya ukuta huo usaha ukakusanyika. Hilo ndilo jipu la titi. Madaktari husema kwamba katika kila mama 100 wenye titi lenye homa, kama 3 hivi hupata jipu, na katika hesabu nyingine idadi hufika 11. Kwa hiyo mama aliye na homa asiogope kupita kiasi, maana wengi hupona bila jipu. Lakini asikae tu, kwa sababu tofauti ya hali hizi mbili ni kubwa katika matibabu. Titi lenye homa laweza kupona kwa kunyonyesha, kupumzika na dawa. Jipu haliponi kwa vidonge peke yake, kwa sababu dawa haipenyi vizuri ule ukuta. Sharti usaha utolewe.

JINSI YA KUTOFAUTISHA

Kwanza, tuliweke kando jambo la tatu ambalo si ugonjwa. Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kuzaa, maziwa yanapoingia kwa wingi, matiti yote mawili hujaa, huwa magumu na mazito. Homa ikiwapo ni ndogo. Mtoto akinyonya mara nyingi, hali hiyo huisha katika siku moja au mbili.

Titi lenye homa mara nyingi huwa ni upande mmoja. Sehemu yake moja huwa nyekundu, ngumu, yenye moto na maumivu, na pengine ina umbo la pembe tatu kama nililoliona mimi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana wekundu huenda usionekane wazi. Basi na tutumie mkono, tuone kama mahali pale pana moto kuliko titi la pili. Homa hufika nyuzi 38.5 au zaidi, na mama hujiona kama mtu aliyepatwa na mafua makali. Ugumu wake hauna mpaka ulio wazi. Ukigusa huwezi kusema kwamba donge laanzia hapa na kuishia pale.

Jipu nalo lina alama zake. Siku zimekwisha kupita. Pana donge lenye mpaka, ambalo waweza kulizungushia vidole. Mtoto anyonye, mama akamue, donge halipungui. Likiwa karibu na ngozi, katikati yake huwa laini, hubonyea kama mfuko wa maji, na ngozi ya juu hung'aa, huwa nyembamba, au hugeuka rangi. Pengine usaha huonekana kwenye chuchu. Maumivu huwa mahali pamoja, tena ni ya kudunda.

Hapa nataka msomaji aangalie sana jambo lililotudanganya sisi, nalo ni homa. Kushuka kwa homa si uthibitisho kwamba mama amepona. Mwili ukisha kuuzungushia usaha ukuta, au mama akimeza dawa za kupunguza homa, joto laweza kushuka na jipu likabaki. Kwa hiyo usiulize juu ya homa tu. Uliza pia: donge liko wapi leo, nalo ni dogo au kubwa kuliko jana?

Tena majipu mengine yako ndani sana, na mkono hauwezi kuyatambua. Daktari hutumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile ile itumiwayo kumtazama mtoto tumboni, nayo huonyesha kama pana usaha, uko wapi, na ni kiasi gani. Kipimo hiki hakina maumivu wala hakimdhuru mtoto.

MAZIWA YA MAMA SI YA KUMWAGWA

Sasa nimefika mahali ambapo elimu ya mfugaji yaweza kumpotosha. Tumezoea kuyamwaga maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, na ni sawa, maana hayafai kuuzwa. Basi twadhani mama naye ni vivyo hivyo. Sivyo hata kidogo. Maziwa ya titi lenye homa hayamdhuru mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi yake tumboni, na kunyonya kwake ndiyo njia bora ya kuyatoa. Yaweza kuwa na ladha ya chumvi kidogo, na mtoto akayakataa kwa muda. Hapo mama na ayakamue kwa mkono. Mama akiacha ghafula kunyonyesha upande ule, maziwa huzidi kukaa, na hatari ya jipu huongezeka. Kwa kumkataza mtoto siku nane, sisi tulilifungulia jipu mlango kwa mikono yetu wenyewe.

Hata jipu likiwapo, mama aendelee kumnyonyesha mtoto titi zima. Lile lenye jipu pia aweza kulinyonyesha, ikiwa kidonda cha kutolea usaha hakipo mahali ambapo kinywa cha mtoto hugusa; kama hawezi, alikamue mpaka apone.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asifuate maneno haya kama yalivyo. Amwambie mwuguzi siku ile ile, kwa maana mara nyingi huambiwa asimnyonyeshe mtoto titi lenye ugonjwa bali alikamue, aendelee na lile zima, na asiache dawa zake hata siku moja.

LA KUFANYA NYUMBANI, NA SAA YA KUONDOKA

Homa inapoanza, mama apumzike, anywe maji ya kutosha, na amnyonyeshe mtoto kila anapotaka, mchana na usiku. Kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi, kikiwekwa juu ya titi baada ya kunyonyesha, hupunguza uvimbe na maumivu. Vidonge vya parasetamoli au ibuprofeni vyaweza kutumiwa na mama anayenyonyesha, kwa kipimo kilichoandikwa, ikiwa hana ugonjwa mwingine unaomkataza kuvitumia. Lakini titi lisikandwe kwa nguvu, lisichanwe kwa kitana, wala lisikamuliwe kupita haja ya mtoto. Zamani hata wauguzi walifundisha kulikanda. Siku hizi imejulikana kwamba kulikanda kwa nguvu huumiza nyama za ndani na kuzidisha uvimbe. Nguo za kubana zivuliwe.

Mama aende kituo cha afya siku ile ile ikiwa chuchu ina mipasuko au usaha pamoja na homa kali, ikiwa matiti yote mawili yamepatwa, au ikiwa anajiona mgonjwa sana. Kama hana dalili hizo, aangalie hali yake kwa siku moja. Zikipita saa 24 bila nafuu, aende. Akichanganyikiwa akili, akipumua kwa haraka, au akizimia, huo si wakati wa kungoja kupambazuke. Vijidudu vyaweza kuwa vimeingia katika damu.

Daktari akiona dalili za vijidudu hutoa dawa ya kuviua, ambayo kwa kawaida humezwa siku 10 hadi 14. Na azimeze zote. Wengi huacha siku ya tatu wanapoona nafuu, na ugonjwa hurudi. Wala mtu asinunue dukani kidonge cho chote asikiacho jina lake. Alexander Fleming alipogundua penisilini mjini London mwaka 1928, aliiona ikiua vijidudu vya jamii hii hii ya Staphylococcus. Lakini leo vilivyo vingi vya jamii hiyo havisikii tena penisilini ya kawaida, na daktari huchagua dawa nyingine.

Ikiwa mama amemeza dawa siku mbili na donge lingalipo kama lilivyokuwa, arudi hospitali bila kuona haya, aombe litazamwe kwa mashine. Likiwa jipu, mara nyingi usaha hutolewa kwa sindano baada ya mahali pale kutiwa ganzi, na huenda ikarudiwa mara kadhaa. Likiwa kubwa sana, au ngozi imekwisha kuwa nyembamba, daktari hulipasua kidogo. Kulitumbua nyumbani kwa wembe ni hatari kubwa, maana usaha waweza kubaki ndani, vijidudu vipya vikaingia, na vijia vya maziwa vikakatwa.

Na ikiwa wekundu au donge haviishi hata baada ya matibabu yaliyokamilika, mama arudi akachunguzwe zaidi. Mara chache saratani ya titi huanza kwa sura inayofanana na ugonjwa huu.

KUZUIA NI RAHISI ZAIDI

Mwuguzi alimwonyesha mke wangu jinsi ya kumweka mtoto: tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama, kinywa kifunguke wazi kabisa, mdomo wa chini upinduke nje, na kidevu kiguse titi. Mtoto asinyonye ncha ya chuchu tu, maana hapo ndipo mipasuko inapotoka.

Kwa makarani wenzangu nina neno pia. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Mtoto anapaswa kunyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Basi mama anaporudi kazini huku matiti yake yamezoea kunyonywa kila baada ya saa mbili au tatu, akikaa ofisini tangu asubuhi hata jioni, maziwa hukaa na taabu huanza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Kama ofisini kwenu mahali hapo pamegeuka stoo ya mafaili na viti vilivyovunjika, wanaume wawe wa kwanza kulisema, maana mama huyo ana haya ya kulisema mbele yetu.

Kwa wakulima wenzangu nasema hivi. Nauli ya kwenda hospitali mara nyingi imo mifukoni mwetu, na ruhusa ya kuondoka nyumbani mara nyingi hungoja neno letu. Mtoto akiisha kuzaliwa, weka nauli hiyo kando, isiguswe kwa mbolea wala kwa karo. Muulize mkeo kila siku hali ya matiti yake kama umuulizavyo hali ya mtoto. Na mama mzazi wako akisema maziwa yameharibika, usimjibu kwa ukali, kwa maana asema yale aliyofundishwa naye. Mchukue pamoja nanyi mpaka kwa mwuguzi, asikie mwenyewe. Mimi nilimchukua mama yangu siku mke wangu aliporudi kutazamwa. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akamwuliza nesi kama mtoto aweza kurudi kwenye titi la kushoto siku hiyo. Akaambiwa aweza. Basi akampakata mjukuu wake, akamweka yeye mwenyewe kwenye titi lile lile alilomkataza.

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa huu huonekana mapema, una homa, una moto, na mwenyewe husema wapi panamwuma. Kinachotakiwa ni mtu wa kumsikiliza siku ya kwanza.